Fundi Mwenye Sababu ya Kurudi

Alfajiri, kabla matatu za namba 46 hazijajaa, watu wa Kawangware, Nairobi, huanza kumiminika kwa miguu kuelekea mtaa wa kitajiri wa Lavington. Wamo walinzi wanaokwenda kupokea zamu, wamo akina mama wa kufua na kupika, na wamo mafundi. Mafundi utawajua kwa mabegi yao: begi limetuna upande mmoja kwa nyundo, na pima maji imetokeza kichwa kwenye zipu. Watashinda wakibandika vigae, wakibadilisha koki na kupaka rangi nyumba za wengine, na jioni watarudi kwa Barabara ya Gitanga waliyopitia asubuhi. Kibera nako ni vivyo hivyo. Mafundi hutoka Makina, Laini Saba na Gatwekera wakaenda kutengeneza Lang'ata, Kilimani na Ngong Road.

Sasa ingia ndani ya mitaa hiyohiyo umuulize mpangaji ambaye paa lake linavuja. Atakuambia hii ni wiki ya tatu anatafuta fundi. Wa kwanza alichukua pesa za misumari akapotea. Wa pili aliziba tundu moja akafungua mawili. Wa tatu yuko njiani tangu Jumatatu. Mtaa unaotengeneza nusu ya jiji hauna wa kuutengeneza.

Kitendawili hiki kwa kawaida hujibiwa kwa lawama: mafundi ni waongo, vijana wa siku hizi hawataki kazi, kila mtu anajiita fundi. Lawama hizo zina chembe ya ukweli, ila hazielezi ni kwa nini fundi yuleyule anayesifiwa Lavington kwa kuwahi saa mbili kamili analaaniwa Kawangware kwa kutofika kabisa. Mtu ni mmoja na mikono ni ileile. Kilichobadilika ni mazingira ya kazi: nani amemleta, nani amenunua vifaa, amelipwaje, na atapoteza nini akiharibu. Hoja ya makala haya ni kwamba uaminifu wa fundi hautokani na tabia yake peke yake. Unatokana pia na mambo yanayomfunga na kazi baada ya pesa kubadilisha mfuko, na mambo hayo ndiyo yaliyolegea.

Kutoka kufundwa hadi jua kali

Neno lenyewe lina kumbukumbu. Fundi ni ndugu wa kufunda, kufunza na mwanafunzi. Ni mtu aliyefundwa, na nyuma yake kuna aliyemfunda. Pale ambapo ufundi hupokezanwa hivyo, mteja hana haja ya kuona cheti. Swali lake ni moja tu: huyu ni mwanafunzi wa nani? Jibu likijulikana, na mahali pa kupeleka malalamiko pamejulikana.

Nairobi ilivunja mnyororo huo na kuunda mwingine. Mwaka 1966 Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilitoa ripoti iliyouliza wanaomaliza shule ya msingi waende wapi, na kutokana nayo vikazuka vyuo vya ufundi vya vijijini. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuja Kenya na kuandika kwamba watu wanaochomelea, kuranda na kushona kandokando ya barabara si wazembe wasio na ajira. Ni sekta nzima ya uchumi. Wakenya wenyewe huwaita watu hao kwa jina la kile kinachowachoma mgongoni: jua kali. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji na kuahidi vibanda vya kuwakinga. Mwaka huohuo mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza, ukiwa na useremala na uashi ndani ya ratiba ya darasa.

Leo zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa Kenya nje ya kilimo kidogo wamo katika sekta hiyo isiyo rasmi. Takwimu hiyo hutajwa kwa fahari majukwaani. Kwa anayetafuta fundi wa bomba, maana yake ni nyingine: walio wengi kati ya watakaomgongea mlango walijifunza kwa kubeba saruji na kumtazama mwenye mwiko, wakaanza kama mtu wa mkono, na siku moja wakanunua mwiko wao. Baadhi yao ni mafundi wa kweli, na wengine bado ni watu wa mkono wenye mwiko. Kwa macho, hutawatofautisha.

Ardhi mbili, nyumba mbili

Watu huzitaja Kibera na Kawangware kwa pumzi moja, kana kwamba mabati yote ni sawa. Kwa fundi ni sehemu mbili tofauti, na tofauti inaanzia kwenye hati ya ardhi.

Kibera ilikuwa msitu. Ndiyo maana ya jina lake, kibra, katika lugha ya Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles waliopewa makazi pale mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya uhuru ardhi ilibaki kuwa ya serikali. Wanubi walipata hati ya jamii ya ekari 288 mwaka 2017 tu. Sehemu kubwa iliyobaki, mwenye nyumba anamiliki mbao na mabati. Udongo ulio chini si wake. Watafiti wa makazi ya Nairobi wameeleza kwamba kwa miaka mingi hata kukarabati chumba kulihitaji idhini ya chifu, na idhini nayo ilikuwa na bei yake. Mwezi Julai 2018 matingatinga yalipita katikati ya Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakabaki bila makao.

Jiweke basi mahali pa mwenye nyumba wa Kibera. Una safu ya vyumba vya futi kumi kwa kumi, kuta za udongo juu ya fito, paa la mabati. Hujui kama mwaka ujao zitakuwepo. Je, utamwita fundi ghali aje abadilishe paa lote, au utamwita wa bei nafuu apige viraka? Fundi wa viraka hakujizalisha mwenyewe; amezaliwa na hofu ya mwenye mali.

Kawangware ni kisa kingine. Eneo hili ni sehemu ya Dagoretti, iliyokuwa ardhi ya familia za Wakikuyu, na sehemu kubwa ina hati za watu binafsi. Mwenye ploti hana wasiwasi wa tingatinga la serikali. Kwa hiyo anabomoa safu ya mabati na kupandisha ghorofa, vyumba ishirini hadi arobaini, mabomba ndani ya kuta, nyaya ndani ya dari. Hapa anayemwajiri fundi ni msimamizi wa ploti, yule ambaye kila mtu humwita keateka. Keateka halipwi kwa ubora wa kazi. Analipwa kwa kodi kuingia na kelele kupungua.

Kwa fundi, ardhi hizi mbili zina maana ya kasoro za aina mbili. Kibera kasoro iko wazi lakini si ya mtu mmoja. Paa la chumba chako limekaliwa na ncha ya bati la jirani, maji ya kwake yanamwagika kwako, na mfereji wa uchochoroni ni wa wote na si wa yeyote. Fundi mzuri wa Kibera lazima awe msuluhishi: atazungumza na jirani kabla ya kupanda juu, atajua ni bati la nani analolikanyaga, na atapima mteremko wa maji kwa safu nzima ya vyumba. Kawangware kasoro ni ya mtu mmoja lakini imejificha. Dari la ghorofa ya pili limelowa. Je, ni bomba la maji safi, ni maji machafu ya bafu la juu, au ni mvua inayopenya kwenye ufa wa ukuta? Ukimwita fundi asiyejua kutambua, atapasua vigae vya watu watatu kabla ya kufika kwenye tatizo.

Mpangaji wa sehemu zote mbili ana mzigo wa ziada: nyumba si yake. Sheria ya kudhibiti kodi, ambayo bado inazihusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, ina baraza la kusikiliza mashauri kati ya mpangaji na mwenye nyumba. Lakini kwenda barazani kunagharimu siku ya kibarua, na nyumba ikipandishwa kodi mpangaji anajua atakayehama ni nani. Kwa hiyo hutoa pesa mfukoni akatengeneza mali ya mtu mwingine, na kwa kuwa ni mali ya mtu mwingine hutafuta bei ya chini kabisa. Katika hali hiyo kumlaumu fundi peke yake ni kumwona mchezaji mmoja tu uwanjani.

"Niko njiani"

Hakuna sentensi inayoudhi zaidi ya hii. Umempigia saa tatu: "Fundi, umefika wapi?" Naye: "Niko njiani, mama, nipe dakika kumi." Saa sita simu haishikwi.

Tumfuate basi tuone yuko wapi. Fundi wa mtaani hana mtaji wa kuzungushia kazi. Tuseme umempa shilingi 3,000 za kuanzia, yaani nusu ya bei, anunue vifaa. Asubuhi hiyohiyo ana kodi iliyochelewa na unga uliokwisha. Tena ana mteja wa wiki iliyopita ambaye pesa zake za vifaa ziliishia kwenye karo. Pesa zako zinanunua vifaa vya mteja wa wiki iliyopita, na vifaa vyako vitanunuliwa na malipo ya mteja wa kesho. Akipata mteja wa kesho, kila kitu kitaenda sawa na wewe hutajua lolote. Asipompata, wewe ndiye utakayeachwa ukingoja mlangoni. Huyu hakuamka akipanga kukuibia. Ameendesha benki ndogo isiyo na akiba, na siku hiyo wewe ndiye uliyefika dirishani kukiwa kumekauka.

Ndiyo maana pia huchukua kazi nne kwa mara moja. Kibarua hakina ahadi. Mteja anayesema "njoo Alhamisi" huenda Alhamisi amebadili nia. Fundi anayekataa kazi ya pili ili awahi ya kwanza anaweza kulala njaa siku zote mbili. Huanza zote, akaweka alama kila mahali kwa kuvunja ukuta kidogo au kuacha ngazi, kisha akamaliza ile inayopigiwa kelele zaidi.

Ukielewa mzunguko huo, unajua pa kuukata. Pesa za vifaa na pesa za leba zisichanganywe. Nenda naye hadi duka la vifaa vya ujenzi, yaani hadiwea, au mtumie orodha mwenye duka, ulipe moja kwa moja kwa namba ya duka ya M-Pesa, na risiti ibaki kwako. Kwa njia hiyo huwezi kulipia vifaa vya mtu mwingine, na fundi hawezi kukuandikia bomba la daraja la juu akakufungia la chini. Leba ilipwe kwa hatua: kidogo siku ya kuanza ili apate nauli na chakula, sehemu kubwa kazi ikisimama, na baki. Kwenye hiyo baki tutarudi.

Soko la gari bovu

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala mafupi kuhusu magari yaliyokwisha kutumika, na miaka 31 baadaye yakachangia kumpa tuzo ya Nobel. Hoja yake inaelezeka hata kwenye steji ya Kawangware. Muuzaji anajua gari lake lina ugonjwa gani, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hutoa bei ya wastani, kati ya gari zima na bovu. Mwenye gari zima anaona bei hiyo haimtoshi, anaondoka sokoni. Wanaobaki ni wenye magari mabovu, nao bei inawafaa.

Weka fundi mahali pa gari. Mteja asiyeweza kutofautisha plasta iliyochanganywa vizuri na iliyojaa mchanga hutoa bei moja kwa wote, na hushusha kila anayetajiwa. Fundi anayejua kuwa uwiano wa saruji na mchanga haukubali kushushwa anafunga begi lake na kuvuka kwenda Lavington, kwa mtu anayeweza kulipia saruji kamili. Anayebaki ni yule anayeweza kushuka bei kwa sababu anaweza kupunguza saruji. Hapo ndipo kitendawili cha mwanzo kinapofumbuliwa: mtaa haukukosa mafundi wazuri, bei yake iliwafukuza. Wahenga waliosema rahisi ghali waliyaona hayo kabla ya Nobel.

Dawa ya soko la aina hii ni kumpunguzia mteja giza. Lililo jepesi zaidi ni kutenganisha kutambua na kutengeneza. Mlipe fundi mmoja pesa ndogo aje aangalie tu, aseme tatizo ni nini na litataka vifaa gani, akijua kwamba huenda kazi akapewa mwingine. Mwite wa pili kwa masharti yaleyale. Wakikubaliana, una jibu. Wakitofautiana, uliza kila mmoja kwa nini, kisha sikiliza maelezo: anayejua atakuonyesha kwa kidole, akagonga ukuta ukasikia sauti ya utupu, akafunga koki kuu akakuambia tazama mita kama bado inazunguka. Asiyejua atakuambia hii kazi ni kubwa, mama, wewe niachie mimi.

Anayekutambulisha atapoteza nini?

Kibera na Kawangware fundi hupatikana kwa njia tano au sita, na kila moja husifiwa na wanaoitumia. Kipimo kimoja kinatosha kuzipima zote: fundi akiharibu, aliyekutambulisha atapoteza nini?

Jirani hapotezi pesa, lakini anapoteza amani ya uchochoro, nayo si kidogo mahali ambapo ukuta kati yenu ni wa udongo. Udhaifu wake ni kwamba ameiona kazi moja tu, tena huenda si ya aina unayoitaka. Aliyemfungia jirani mlango vizuri si lazima ajue paa. Muulize jirani, na uombe kuiona kazi iliyopitiwa na mvua walau mara moja.

Mwenye hadiwea anaona kitu ambacho wengine hawakioni: anajua nani hununua vifaa vya kutosha, nani hurudi na malalamiko, na nani ana deni dukani. Fundi anayeaminiwa kwa mkopo na mwenye duka amekwisha kupimwa na mtu mwenye pesa zake hatarini. Ila kumbuka duka linataka kuuza, na fundi huenda akapewa kitu kidogo kwa kila mteja anayemleta.

Keateka ana fundi wake, na mara nyingi ana fungu lake katika malipo. Si vibaya kwa sharti kwamba ulijue. Uzuri wake ni kwamba hawezi kuhama. Utamkuta langoni kesho. Mlinzi wa Lavington ndiye njia inayotumiwa na matajiri, na ndiyo yenye nguvu kuliko wanavyofahamu. Mlinzi anaishi Kawangware, anamwita fundi wa uchochoro wake, na akiharibu, mlinzi anaweza kupoteza kazi. Uaminifu ambao Lavington inaununua umedhaminiwa na mtaa ambao Lavington haiukanyagi.

Namba iliyobandikwa kwenye nguzo ya stima haina mdhamini yeyote. Fundi akiharibu, atabadilisha laini. Makundi ya WhatsApp ya ploti na ya kanisa yako katikati: yana mashahidi wengi, lakini mashahidi huchoka upesi.

Halafu kuna kampuni za mtandaoni. Lynk, kwa mfano, ilianzishwa Nairobi mwaka 2015 ili kuwaunganisha mafundi na wateja, ikihakiki kazi na kukusanya maoni. Wazo lilikuwa zuri: maoni ya wateja yageuke kuwa jina la fundi, jina ambalo angeogopa kulipoteza. Lakini biashara ya aina hii ina tundu duniani kote. Mteja akishampenda fundi, humchukulia namba yake, na mara ya pili wanakutana bila kampuni. Kazi nzuri humtoa fundi kwenye mtandao, na gharama za kumhakiki hubaki kwa kampuni. Tena huduma hizo huwaelekea wenye nyumba za kulipia bei hiyo. Chumba cha futi kumi kwa kumi hakikuwa kwenye hesabu.

Cheti cha fundi na cheti cha nyumba

Tiba ambayo serikali hupenda ni karatasi, na si ya kudharauliwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja matatu, kuanzia la tatu hadi la kwanza, na mtu anaweza kuifanya hata kama ufundi wake ameupata mjengoni. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, huidhinisha mafundi wa ujenzi. Kwa stima, Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA, ndiyo hutoa leseni, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwa umma. Mlangoni kabisa mwa Kawangware, upande wa Riruta, kiko chuo cha ufundi cha P.C. Kinyanjui. Na mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili mwashi wa miaka ishirini asilazimishwe kuketi na wanafunzi ndipo apewe cheti.

Karatasi ina uzito pale kosa linapoua. Waya uliofungwa vibaya unaweza kuteketeza safu nzima ya mabati kabla ya majirani kuamka, na gesi vivyo hivyo. Kwa kazi hizo, fundi asiye na leseni asiguse chochote, hata awe mtoto wa shangazi. Kwa paa, plasta na mlango, kazi aliyoifanya jana ni ushahidi bora kuliko cheti alichokipata miaka kumi iliyopita.

Ujerumani imeyahangaikia haya kwa sheria. Mwaka 2004 iliondoa sharti la kuwa na cheti cha ustadi mkuu kwa fani 53 ili watu wengi waingie kazini, na mwaka 2020 ikalirudisha kwa fani 12, uwekaji vigae ukiwamo, baada ya malalamiko kuhusu ubora na mafunzo. Hata wenye vyeti vingi kuliko wote hawajakubaliana kiasi kinachotosha.

Kwetu kuna tatizo ambalo Ujerumani haina. Leseni ya fundi inadhani nyumba nayo ina leseni. Fundi wa stima mwenye cheti hatakiwi kugusa waya uliovutwa kwa jirani bila mita. Akiugusa anahatarisha kibali chake. Kwa hiyo, katika sehemu za Kibera ambako stima hufika kwa njia za vichochoroni, fundi mwenye leseni ndiye wa kwanza kukataa, na kazi huenda kwa asiye na cha kupoteza. Hatari ikiwa kubwa zaidi, fundi aliyehitimu ndiye anayekuwa mbali zaidi. Kumhakiki fundi bila kuipa nyumba mita halali ni kufunga mlango mmoja wa nyumba yenye miwili.

Ukidhulumiwa

Kisheria, mteja ana pa kwenda. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na tangu 2021 kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huruhusu mtu kujisimamia bila wakili, na inatakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60. Ushahidi si lazima uwe mkataba wenye mihuri. Ujumbe wa M-Pesa una jina, kiasi na saa. Picha za ukuta kabla na baada, pamoja na ujumbe mfupi wa "tumekubaliana paa lote, leba kiasi hiki, kumaliza Jumamosi," ni mkataba tosha kwa watu wanaojuana.

Lakini kwa deni la leba ya siku mbili, wengi hawaendi mahakamani. Huenda kwa mzee wa kijiji, kwa kamati ya usalama wa majirani ya Nyumba Kumi, kwa mchungaji au imamu, au kwa mwenye hadiwea anayemfahamu fundi. Mahali hapo adhabu ni aibu, nayo hufanya kazi kwa mtu mwenye makao tu. Ndiyo maana swali la kwanza kwa fundi mgeni si bei. Muulize anakaa wapi na karibu na nani, kisha mtume mtoto wa jirani akahakikishe.

Fundi naye anatafuta

Kaa na mafundi wakinywa chai ya saa nne kwenye kibanda, utasikia swali lilelile likiulizwa kinyume: nitampata wapi mteja wa kuaminika? Watakusimulia mteja aliyepatana bei ya koki moja akaongeza sinki kazi ikiendelea, bei ikabaki ileile. Aliyesema pesa zimekwama benki, na sasa ni mwezi. Aliyeketi nyuma ya fundi akimfundisha kazi, kisha akamlaumu kwa matokeo. Fundi anayejua baki yake hailipwi hujilipa mapema kwa njia zake. Anaiweka baki ndani ya bei ya vifaa, au anaacha kasoro ndogo itakayomrudisha kwa malipo mapya.

Hapa ndipo baki inapopata maana yake kamili. Katika mikataba ya majengo makubwa, mwenye jengo hushikilia sehemu ya malipo kwa miezi kadhaa, mpaka ihakikike kwamba hakuna kasoro. Mkandarasi hukubali kwa sababu mkataba unamhakikishia kwamba atalipwa. Kazi ndogo za Kibera na Kawangware hazina wakandarasi wala mawakili, lakini zina mpimaji asiyehongeka: mvua. Nairobi hunyeshewa kwa wingi kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mkubaliane basi mapema, mbele ya jirani au keateka, kwamba sehemu ndogo ya leba italipwa baada ya mvua kubwa ya kwanza kupiga paa, au kwa bomba, baada ya wiki mbili za maji kupita bila tone sakafuni. Sehemu hiyo isiwe kubwa kiasi cha kumnyima fundi chakula, wala ndogo kiasi cha kumfanya aisahau.

Kisha mteja atimize upande wake. Mvua ikinyesha usiku na sufuria iliyowekwa katikati ya chumba ikabaki kavu, pesa zitumwe asubuhi kabla fundi hajapiga simu. Mpangilio huu ukishika, utaona jambo ambalo mtaa umelisahau. Asubuhi baada ya mvua ya kwanza, mtu mwenye begi lililotuna upande mmoja anasimama mlangoni bila kuitwa, anainua macho kwenye dari, na anauliza: "Mama, usiku ilikuwaje?"